Namba ya Tansio Inaomba Jibu



Leo tunazungumuza juu ya tansio: namna ya kuipima nyumbani na kuituma kwa muuguzi kwa telefone. Kwa nini tansio? Sababu haina kelele. Malaria inatetemesha mutu mpaka jirani anajua. Lakini tansio inaweza kupanda miaka mingi, na mwenyewe anakwenda soko, anaimba kwaya, anasema: «Miye niko muzuri.» Siku moja mukono na muguu wa upande mumoja vinalegea.

Tena, tansio haikai namna moja. Mutu aliyetembea kwa muguu toka Bongonga juani, akipimwa mara moja tu hospitali, namba inaweza kudanganya. Namba za siku nyingi, zilizopimwa nyumbani vizuri, zinasema kweli zaidi.

Kutunza mugonjwa aliye mbali si kitu kipya. Waganga wa ndege wa AMREF, walioanza kazi Nairobi mwaka 1957, walizungumuza kwa redio na wauguzi wa mbali. Huku kwetu vilevile, misioni za porini zilikuwa na foni. Muuguzi alieleza joto, mapigo ya moyo na namna mugonjwa anavyopumua, muganga alijibu. Redio yenyewe haikuponyesha mutu. Kilichosaidia ni habari ya kweli upande huu, na mutu wa kujibu upande ule. Telefone ni vilevile.

Basi, fanyeni hivi:

1. Pima asubuhi mbele ya kunywa dawa, na tena magaribi. Nusu saa mbele ya kupima, usinywe kahawa, usivute tumbako. Nenda choo kwanza.

2. Ikaa kimya dakika 5. Mugongo uegemee kiti, miguu ikae chini bila kupandana.

3. Funga kitambaa cha mashini juu ya ngozi, si juu ya nguo. Mukono ukae juu ya meza, sawa na moyo. Usizungumuze.

4. Pima mara 2, ukiacha dakika 1 katikati. Andika namba zote katika kaye, na siku na saa, kisha tuma.

Mashini moja inaweza kusaidia nyumba nyingi, lakini kila mugonjwa awe na kaye yake.

Tuma namba kama ilivyo. Wengine wanaipunguza ili muuguzi asiwagombeze. Wengine wanapima mara sita na kutuma ile nzuri. Hao wanadanganya mwili wao wenyewe. Na namba ikishuka, usiache dawa: ni dawa ndiyo inaishikilia chini.

Nyumbani, 135/85 ama zaidi siku kwa siku, ita muuguzi. Ikifika 180/120, pumzika, pima tena. Ikibaki vile, njoo hospitali leo hii. Mama mwenye mimba akifika 140/90, asingoje kesho.

Lakini kama kifua kinauma, mudomo unapinda, maneno hayatoki, ama upande mumoja umelegea, njoo mara moja. Mama mwenye mimba vilevile: 160/110, ama kichwa kinauma sana, macho yanaona giza, ama tumbo linauma juu. Usingoje jibu la telefone! Umeme unaweza kukatika, muuguzi anaweza kuwa anazalisha. Tafuta jirani mwenye motokaa.

Na ninyi wanafunzi wa uuguzi: anayepokea namba anapokea mugonjwa. Jibu siku ileile, andika, tunza siri. Namba isiyojibiwa inafundisha mugonjwa kunyamaza.

Katika Matayo sura ya 8, jemadari wa Kapernaumu alimweleza Yesu hali ya mutumishi wake aliyelala nyumbani, naye Bwana akamuponyesha kutoka mbali. Uwezo ule sisi hatuna. Lakini kazi ya jemadari tunaiweza: kusema hali ya mugonjwa bila kuficha, mbele wakati haujapita.