Shimo jeusi na nyota zisizozaliwa
(Mhadhara kwa vijana wa Kisii na Nyamira)



Ndugu zangu katika imani, juzi baada ya tarawehe kijana mmoja aliniuliza: "Ustadh, hilo shimo jeusi si litatumeza siku moja?"

La. Lililo katikati ya galaksi yetu lina uzito wa jua kama milioni 4, lakini liko mbali, karibu miaka ya nuru 26,000, na kwa sasa limetulia. Ajabu ya mashimo haya, hasa yale yanayokula kwa wingi, ni kwamba huzuia nyota nyingine zisizaliwe.

Nyota hutoka kwenye gesi, na sharti gesi ipoe kwanza. Sisi wa milimani twaelewa: mvuke ukipanda Manga hauwi mvua mpaka upate baridi. Sasa gesi ikivutwa na shimo jeusi huzunguka kwa kasi, hupata moto mkali, na sehemu yake hutupwa nje kabla haijamezwa. Nguvu hiyo huipasha joto gesi iliyobaki. Mwaka 2003 darubini ya Chandra ilionyesha mawimbi ya sauti yakitoka kwenye shimo kama hilo katika kundi la galaksi la Perseus. Gesi ya hapo ina joto la mamilioni ya digrii, na nyota zinazozaliwa ni chache kuliko ilivyotarajiwa. Lakini si kila mara! Kwingine msukumo huohuo huigandamiza gesi, nyota zikazaliwa.

Na msidhani haya ni mambo ya Wazungu tu. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu, ikaitwa Uhuru. Ndiyo iliyoona eksirei zimeenea katika makundi ya galaksi, likiwemo hilo la Perseus. Baadaye ikajulikana ni za gesi moto. Nani hapa alifundishwa hayo shuleni? Mimi sikufundishwa.

Kitu kimoja chanikera. Sayansi ikitoa jambo, sisi twakimbilia aya na kusema "tulijua zamani." Je, kesho wanasayansi wakirekebisha hesabu zao, utairekebisha na aya? Tumeamrishwa kutafakari mbingu, na kutafakari kuna jasho lake.

Basi wewe uliyeuliza, nanyi mnaotaka kuacha fizikia kwa kuwa ni ngumu, Jumamosi baada ya Alasiri nitakuwa hapahapa. Njooni na daftari.

Wabillahi tawfiq.