Hotuba ya Ijumaa: Amana ya Vita na Suluhu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya, enyi ndugu Waislamu mliomo msikitini, nanyi mnaotusikiliza katika redio majumbani mwenu, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu.

Leo tunazungumza juu ya amana kubwa ambayo huwekwa mikononi mwa mtu mmoja, nayo ni kuamua vita na suluhu baina ya nchi na nchi. Huenda mtu wa Nyamongo au wa Mugumu akasema: jambo hilo ni la Ikulu, lina nini na sisi wenye ng'ombe na mashamba? Jawabu ni kwamba wilaya zetu hizi za Tarime na Serengeti zimelionja jambo hilo mpaka ndani ya maboma.

Katika Surat Namli tunasimuliwa habari ya Malkia wa Saba. Barua ya Nabii Suleiman ilipomfikia, aliwakusanya wakuu wake akawataka shauri. Wao wakajisifia nguvu na ushujaa, kisha wakamwachia yeye uamuzi. Tazameni, ndugu zetu: wenye silaha walikuwa tayari, bali neno lilibaki kwa mmoja. Naye akakumbuka yanayoipata miji inayoingiliwa na majeshi, akatanguliza wajumbe na zawadi.

Sasa tuje kwetu. Mpaka walioafikiana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwapasua Wakurya, hata Wairege, Wanyabasi na Wakira wakawa huku na huko. Hata hivyo watu walipita Sirari kwenda Isebania kuoa, kuzika na kuuza mazao. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, serikali ya Mwalimu Nyerere iliufunga mpaka wa Kenya. Sababu zilikuwapo: mali ya pamoja ilikuwa ikigombaniwa, na tangu Idi Amin alipompindua Obote Januari 1971, Mwalimu alikataa kuketi naye meza moja, kwa hiyo marais watatu hawakuweza kukutana katika baraza lao. Hatusemi kwamba sababu hizo zilikuwa za upuuzi. Twasema kwamba waliozilipa hawakuwamo katika ugomvi. Mwanamke aliyeolewa ng'ambo, ambaye kwa babake ni mwendo wa asubuhi moja, alijikuta ni mgeni wa nchi ya kigeni, na njia yake ni ya kujificha.

Kisha ikaja vita. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua na kupora, naye akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu, mzaliwa wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, aliliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga mvamizi ipo, uwezo upo na nia ipo. Wapatanishi wa Afrika walipomjia, hakukubali suluhu isiyomlaumu mvamizi. Sisi twaona alikuwa na haki. Surat Hujurat yatuamrisha kuwasuluhisha wanaogombana, lakini anayedhulumu apingwe mpaka arejee. Wako waliosema Amin ni Mwislamu, ameitia Uganda katika jumuiya ya nchi za Kiislamu mwaka 1974, na Gaddafi akamletea askari. Ndugu zetu, hesabu ya imani yake iko kwa Mola wake. Bali kusali hakumpi mtu ardhi ya jirani yake. Waislamu wa Tanzania walikwenda vitani bega kwa bega na Wakristo, nao hawakukosea.

Lakini haki ya kuanza vita haifuti deni lake. Majeshi yetu yalivuka mpaka, Kampala ikaangushwa tarehe 11 Aprili 1979, na askari wetu wengine wakakaa huko hadi 1981. Gharama inayotajwa sana ni dola milioni 500, na wazee wanakumbuka foleni za sabuni na sukari zilizofuata. Hayo yalikuwa ya nchi nzima. Ya kwetu yalikuwa mengine. Wakurya tangu enzi za Waingereza wamekuwa wengi jeshini, na vita ilipokwisha baadhi yao walirudi na bunduki. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa wa upinde, mkuki na panga, ukawa wa risasi. Silaha iliyomfukuza dhalimu Kagera ikamfanya mtoto wa Tarime yatima. Jambo hili halikuwamo katika hotuba yoyote ya mwaka 1978, na ndilo lililokaa kwetu miaka mingi zaidi.

Suluhu nayo ina uzito wake. Victor Umbricht, mtu wa Uswisi, alihangaika miaka kadhaa kugawanya mali ya Jumuiya, mpaka Kenya ikapata asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Novemba 1983 Nyerere, Moi na Obote wakakutana Arusha, na mpaka ukafunguliwa. Wako walionung'unika kwamba tumepunjwa. Hata Hudaybiya, katika mwaka wa sita wa Hijra, Sayyidna Umar aliona uzito wa masharti, na baadaye kheri yake ikadhihiri. Watu wa Serengeti wanajua pia kwamba si kila kilichofungwa hufunguka: njia ya watalii ya Bologonja, iliyofungwa 1977, haikurudishwa kwao mpaka ulipofunguliwa.

Katiba yetu, ibara ya 44, inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita, lakini nakala ya tangazo hupelekwa kwa Spika, na katika siku 14 Bunge huitishwa kulitafakari. Hiyo ni shura, nanyi mna wabunge. Wakija kuomba kura waulizeni watasema nini siku hiyo, na nani atakayezihesabu bunduki zinaporudi.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa Kagera na waliokufa kwa bunduki zilizotoka huko, na uwape wanaotutawala masikio ya kusikiliza. Amin.