KUGAWA NA KUTUNZA MASHINA YA PARETO

Leo tutasoma habari za pareto. Kama unakaa Makete, Njombe, Mufindi au katika milima ya Mbeya, huna haja ya kuelezwa maua haya yakoje. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, katika nchi inayoitwa leo Kroatia. Pareto hupenda baridi. Ukiipanda penye joto itatoa majani mengi mazuri, lakini maua huyaoni.

Pareto si kama mahindi, ya kupandwa upya kila mwaka. Shina moja huweza kukaa shambani miaka mitatu au minne. Halafu huzeeka, katikati hukauka, na maua hupungua. Hapo wengi husema udongo umechoka. Mara nyingi kilichochoka ni shina.

Basi, fanya hivi. Wakati wa kuchuma, weka kijiti kando ya mashina yenye afya na maua mengi. Usingoje mvua, kwa sababu maua yakiisha mashina yote hufanana. Mvua zikishika, yang'oe yale yenye vijiti. Kung'uta udongo, kisha gawa kila shina kwa mikono. Kila kipande kiwe na majani na mizizi yake. Mizizi mirefu ipunguze kwa kisu. Kipande kilichooza kitupe mbali, hata kama miche haitoshi.

Panda siku ile ile, juu ya matuta, maana maji yakituama mizizi huoza. Usifukie moyo wa mche. Kati ya mche na mche acha kiasi cha sentimeta 30, na kati ya tuta na tuta sentimeta 90. Palilia mara kwa mara. Msimu wa maua ukiisha, kata vikonyo vikavu.

Sasa tuje kwenye kuchuma, ambako ndiko fedha inakopotea. Dawa ya kuua wadudu imo karibu yote katika vijimbegu vya kile kiini cha manjano. Majani meupe ya ua hayana kitu cha maana. Kwa hiyo usichume ua lililofumba. Ngoja majani meupe yalale sawasawa, na mistari mitatu au minne ya kiini iwe imefunguka. Tumia kikapu. Katika mfuko wa nailoni maua mabichi hupata joto na kuharibika. Yaanike siku hiyo hiyo juu ya kichanja, yakiwa yametandazwa, yasirundikane.

Fungua daftari lako la hesabu. Kilo 4 hadi 5 za maua mabichi hutoa kilo 1 ya makavu. Umechuma kilo 40. Gawanya kwa 4, utapata 10. Gawanya kwa 5, utapata 8. Basi utazamie kilo 8 hadi 10. Ukipima nyumbani ukakuta 13, maua hayajakauka. Ukiyatia guniani yataota ukungu. Ukikuta 9 nyumbani, na mizani ya mnunuzi ikasema 7, omba yapimwe tena mbele yako. Soma mizani mwenyewe, kisha soma stakabadhi kabla ya kutia sahihi.

Zoezi: Mama mmoja amechuma kilo 60 za maua mabichi. Atazamie kilo ngapi za makavu? Andika jibu kwa tarakimu, halafu kwa maneno.