Umejifunza Nini Huko Chuoni?



Kila mwaka huja majira ambapo vijana wetu hurejea nyumbani kutoka vyuoni, wengine kwa likizo, wengine wakiwa wamehitimu kabisa. Katika vigango vingi jambo hilo huadhimishwa kwa furaha. Baada ya matangazo ya Dominika kijana husimamishwa mbele ya waamini, hupigiwa makofi na vigelegele, kisha huketi. Akifika nyumbani huulizwa maswali mawili yale yale: amefaulu kwa daraja gani, na kazi ataipata lini. Hatusemi kwamba maswali hayo ni mabaya. Mzazi aliyeuza ng'ombe, au aliyekata kipande cha shamba la migomba akampa jirani kwa bei ya hasara, ana haki ya kuuliza. Lakini lipo swali la tatu ambalo masikio yetu hayalisikii mara nyingi, nalo ni hili: umekuwa mtu wa namna gani huko ulikokuwa? Leo tungependa kulitafakari swali hilo kwa kumtazama mwanafunzi mmoja Mwafrika aliyelijibu kwa kirefu, tena pasipo kuulizwa na mtu.

Mwanafunzi huyo ni Mtakatifu Augustino. Tumezoea kumwona katika picha amevaa kofia ya kiaskofu na kushika kitabu, hata tukasahau kwamba aliwahi kuwa kijana wa chuo, aliyekaa mbali na kwao na kula fedha za watu wengine. Alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa na mali kidogo tu. Alimpeleka mtoto kusoma Madaura, mji wa jirani. Na Augustino alipotimiza umri wa miaka 16 karo ikakosekana, kijana akakaa nyumbani mwaka mzima huku baba akidunduliza fedha za kumpeleka Karthago, jiji kubwa lililokuwa karibu na Tunis ya leo. Ni wazazi wangapi wanaotusikiliza asubuhi hii ambao wameupitia mwaka wa namna hiyo! Katika mwaka huo wa kukaa bure ndipo yeye na wenzake walipokwenda usiku kuiba matunda ya mti wa mtu. Hawakuwa na njaa, kwa maana matunda yenyewe waliwatupia nguruwe. Baadaye Augustino alikiri kwamba peke yake asingeiba. Aliiba kwa sababu walikuwa wengi.

Watu wa Thagaste walimsifu sana Patricius kwa kujinyima kupita uwezo wake, kwani walikuwapo matajiri ambao hawakuwafanyia watoto wao nusu ya hayo. Augustino alipokuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, naye akiwa Askofu wa Hippo, yapata mwaka 397, alianza kuandika kitabu cha Maungamo, na humo anazikumbuka sifa hizo. Kisha anaongeza neno zito. Asema kwamba baba yule yule aliyejitoa hivyo hakujishughulisha kujua mwanawe anakua namna gani moyoni, mradi tu awe msemaji hodari mbele za watu. Tusilipite neno hilo haraka. Hapa hatusomi habari za baba aliyekunywa karo kilabuni. Tunasoma habari za baba aliyelipa kila alichodaiwa, na hakuuliza.

Basi kijana akafika Karthago. Muda si mrefu baba akafariki. Mama yake, Mtakatifu Monika, akaendelea kulipa, na tajiri mmoja wa kwao, Romanianus, akatia mkono wake. Kijana alikuwa na akili nyingi, akawa wa kwanza katika masomo ya ufasaha, na yeye mwenyewe asema kwamba alivimba kwa majivuno. Huko huko alianza kuishi na mwanamke bila ndoa, na kabla hajamaliza masomo akawa baba wa mtoto wa kiume, Adeodatus. Aliishi na mwanamke huyo karibu miaka 15, hata walipokuwa Milano akaachana naye, kwa sababu alikuwa ametafutiwa ndoa ya heshima itakayomfungulia njia ya cheo. Mama wa mtoto akarudi Afrika peke yake, mtoto akabaki kwa baba. Augustino aungama kwamba moyo wake ulichanika ukatoka damu. Lakini jina la mwanamke huyo hakuliandika, wala hakuna aliyeandika moyo wake yeye ulitoka nini. Sisi kwetu mambo ni kinyume: binti akirudi kutoka chuoni na mimba, jina lake linajulikana hadi kigango cha tatu, na jina la kijana ndilo lisiloandikwa mahali popote.

Yapo mambo mawili ambayo Augustino alijifunza shuleni na chuoni, nayo tunayaona yakitugusa kwa karibu zaidi.

Karthago kulikuwa na genge la wanafunzi waliojiita kwa jina lenye maana ya Wavurugaji. Kazi yao ilikuwa kuwavamia wanafunzi wageni, kuwadhihaki na kuwatia aibu kwa kujifurahisha tu. Augustino hakushiriki vitendo vyao. Lakini alikaa nao, akafurahia urafiki wao, tena akaona haya kwamba yeye hakuwa kama wao. Hebu tuliangalie jambo hili vizuri. Yeye hakumpiga mtu. Alikuwa karibu tu, akicheka kidogo. Vijana wengi wa vyuoni wakiulizwa kwa upole watasema kwamba hapo ndipo walipofundishwa somo lao gumu kuliko yote, si darasani bali bwenini: siku walipomwona mwenzao akidharauliwa kwa sababu ya kabila lake, au godoro lake, au viatu vyake, wakachagua mahali pa kusimama. Somo hilo halina mtihani wala cheti. Hata hivyo mtu hurudi nalo nyumbani, amefaulu au ameshindwa.

La pili ni la lugha. Augustino akumbuka jinsi walimu wake walivyokuwa wakali juu ya matamshi. Neno la Kilatini la kumtaja binadamu ni homo, na mtu aliyeisahau ile sauti ya kwanza akatamka omo alichekwa na kuonekana mjinga. Lakini, asema Augustino, mtu aliyetamka neno hilo sawasawa huku akimchukia binadamu mwenyewe, hakuna aliyemcheka. Wapenzi wasikilizaji, nani kati yetu asiyelijua hilo? Mwanafunzi aliyetoka upande ambako watu huchanganya r na l husimama mbele ya darasa la chuo, anasema kalamu ikawa karamu, na ukumbi mzima unavunjika mbavu. Au Kiingereza kinamponyoka katikati ya sentensi, naye anakaa chini na hainui tena mkono hadi muhula unakwisha. Waliocheka walitamka kila kitu sawasawa. Kwa kipimo cha chuo wao ndio waliofaulu siku ile, na kwa kipimo cha Augustino tunaachiwa wenyewe kuamua.

Hatupendi mtu adhani kwamba tunadharau masomo. La hasha! Ni kitabu cha masomo kilichomwamsha Augustino mara ya kwanza. Akiwa na umri wa miaka 19 alifika katika mtaala kwenye kitabu cha Cicero kiitwacho Hortensius, ambacho leo kimepotea isipokuwa vipande vichache vilivyonukuliwa na wengine. Kilikuwa kitabu cha kuwahimiza watu waipende hekima. Wenzake walimsoma Cicero ili wajifunze kupamba maneno. Yeye, kwa mara ya kwanza, akajali kile kilichosemwa kuliko namna kilivyosemwa. Na mwandishi yule hakuwa Mkristo. Makatekista wetu, tafadhali likumbukeni jambo hili anaporudi kijana akizungumza kwa moyo juu ya kitabu msichokijua. Msiwe wepesi wa kukiogopa kitabu.

Anapokitaja kitabu hicho, Augustino ataja pia, kama kwa kupitia tu, ni nani aliyelipia masomo yake wakati huo: ni fedha za mama yake, kwa kuwa baba alikwisha kufariki miaka miwili nyuma. Miaka zaidi ya ishirini imepita, yeye ni askofu, na bado anaikumbuka hesabu ile. Hapa Tanzania Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alisoma Makerere na kisha Edinburgh, alitoa mfano mwaka 1964 alipoueleza Bunge Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano. Alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali na kuwaletea wenziwe msaada. Mtu huyo akila kisha asirudi, Mwalimu alimwita msaliti. Ni neno kali, na leo wapo vijana wanaolilalamikia kwa haki. Wamerudi na shahada, kazi hakuna, na deni la mkopo liko pale pale. Wao hawakukimbia na chakula; wamefika wakakuta hakuna njia ya kuleta kitu. Kwa hiyo tusiwarushie mfano huo kama jiwe. Lakini kijana anayeweza kumtaja kwa jina aliyemlipia, na akajua kile ambacho mtu huyo alikosa kwa ajili yake, huyo amekwisha kuanza kurudisha, hata kabla hajapata mshahara.

Augustino aliikuta pia sura ya wasiorudisha. Mwaka 383 alihamia Roma kufundisha, kwa matumaini ya kupata wanafunzi watulivu kuliko wale wa Karthago. Watulivu walikuwa watulivu kweli. Ila karo ilipokaribia kudaiwa walipatana kwa siri, wakahamia wote kwa mwalimu mwingine, na yule wa kwanza akabaki mikono mitupu. Augustino akiri kwamba aliwachukia. Nadhani kila mwalimu anayetusikiliza ametabasamu kidogo.

Tufanye nini basi? Tungependa kuomba jambo dogo kwa jumuiya zetu ndogondogo. Kijana arudipo, asiishie kupigiwa makofi. Apewe nusu saa jioni ya jumuiya, asimulie. Wazee wasimkatize kwa mawaidha. Aulizwe ni nani aliyemsaidia alipoumwa huko ugenini, ni rafiki gani wa dini nyingine aliyekula naye fedha ile ya kujikimu ambayo wao huiita bumu, ni jambo gani alilodhani analijua akagundua kwamba halijui. Na akisema lililo chungu, kwamba alilewa, kwamba alikata tamaa, kwamba aliacha kusali mwaka mzima, basi lisitoke hapo likaenda kisimani. Akiona limetoka, hatasimulia tena, wala wadogo zake hawatasimulia.

Augustino mwenyewe aliwahi kuketi hivyo na mtu, naye alikuwa ni Adeodatus, yule mtoto aliyezaliwa wakati wa masomo. Walibatizwa pamoja Milano kwenye Pasaka ya mwaka 387, wakarudi Afrika mwaka uliofuata, wakaishi Thagaste. Huko, yapata mwaka 389, Augustino aliandika kitabu juu ya mwalimu, ambamo wanaozungumza ni wawili tu, baba na mwana: baba auliza, mwana ajibu, wakati mwingine mwana akosea na baba amngojea. Adeodatus alifariki angali kijana, muda mfupi baadaye. Katika Maungamo baba yake ashuhudia mbele ya Mungu kwamba mawazo yote yaliyowekwa humo kinywani mwa kijana yalikuwa ya kijana mwenyewe, naye alikuwa na umri wa miaka 16.