Mawe Yaliyozama Yakarudi



Katika mahafali haya, habari za ajira na maadili wapo watakaozisema vizuri kuliko mimi. Mimi nitasimulia kisa cha mawe yaliyokwenda chini sana kisha yakarudi. Ninyi wahitimu wa jiolojia mlikisoma kwa haraka ya mtihani, na wazazi wenu wamelipa ada miaka yote hii bila mtu kuwasimulia.

Mwaka 1984 Mfaransa Christian Chopin alichapisha alichokiona katika mawe ya Dora Maira, kwenye milima ya Alpi upande wa Italia. Ni mawe meupe yenye ganeti za waridi hafifu, nyingine kubwa kuzidi ngumi. Ganeti wachimbaji wetu wa Umba, hapa Tanzania, wanaijua, ila wao huitazama kwa jua na Chopin aliitazama kwa hadubini. Ukikata kipande, ukakisaga kikawa chembamba mpaka mwanga upenye, utaona ndani ya ganeti punje ndogo ya koesaiti, imezungukwa na pete ya kwatzi, na kuanzia kwenye pete hiyo nyufa zimetawanyika pande zote.

Koesaiti ni kwatzi iliyobanwa. Loring Coes aliitengeneza maabara huko Marekani mwaka 1953, na baadaye ikaonekana Arizona, kwenye shimo lililochimbwa na kimondo. Pasipo kimondo, huhitaji mgandamizo wa kina cha kilomita 90 hivi. Mgandamizo ukipungua hugeuka kuwa kwatzi na kuvimba kwa karibu asilimia 10. Ile ganeti iliibana isivimbe, mpaka yenyewe ikapasuka. Ndiyo maana ya zile nyufa.

Kilichowatikisa wataalamu ni kwamba Dora Maira ni mawe ya bara, jamii ya matale, ambayo vitabu vilisema ni mepesi mno kuzama. Mwaka uleule wa 1984 David Smith akatangaza koesaiti ya Norway. Mwaka 1990 Sobolev na Shatsky wakaeleza almasi ndogondogo ndani ya mawe ya Kokchetav, Kazakhstan, na almasi hudai kina kikubwa kuliko koesaiti.

Kuzama kunaeleweka: bamba la bahari lililotangulia kushuka hulikokota bara lililoungana nalo. Kurudi je? Zamisheni dumu tupu kisimani, kisha liachieni. Mita moja ya ujazo ya mawe ya bara ina tani 2.7 hivi, ya mantili (tabaka lililo chini ya ganda la dunia) inayoyazunguka ina tani 3.3. Bamba zito likikatika, au kipande cha bara kikibanduka kutoka kwenye bamba hilo, kilichokuwa kikivutwa chini hakina tena kinachokishikilia.

Lakini wepesi huo una mwisho wake, na hapa ndipo wengi hukosea kwenye mtihani. Jiwe likifika sehemu ya chini ya ganda la dunia hukuta majirani wenye uzito uleule wake, na msukumo unakwisha. Safari iliyobaki hutegemea ganda kuvutwa na kukonda, na mvua na mito kula milima iliyo juu yake. Mwaka 2001 Daniela Rubatto na Jörg Hermann walionyesha jinsi kasi ilivyopungua, kwa kupima umri wa madini ya titanaiti ya Dora Maira: miaka milioni 35 iliyopita mawe yalikuwa kilindini, yakaanza kupanda zaidi ya sentimita 3 kwa mwaka, kisha moja na nusu hivi, kisha nusu. Bahati yetu ni ile kasi ya mwanzo. Jiwe linalokawia kwenye joto, tena likapata maji, koesaiti yake yote hugeuka, na hakuna mahakama itakayoamini kwamba lilifika huko.

Nasi tunayo yetu. Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walieleza eklojaiti, mawe yaliyobanwa kilindini, za ukanda wa Usagara, kwenye kilima cha Yalumba: umri wa miaka bilioni 2 hivi, kina cha takriban kilomita 60. Zilipotangazwa zilikuwa miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa kwamba mabamba yalikuwa yakizama enzi hizo. Eklojaiti ni nzito kuliko mantili, peke yake isingeibuka. Imeletwa juu ndani ya mawe mepesi. (Msinisubiri nitoe funzo la maisha hapo.)

Ubishi haujaisha. Wapo wanaosema mgandamizo si lazima uwe kina: mwamba ukikabwa kati ya miamba migumu waweza kubanwa zaidi ya uzito ulio juu yake, na hizo kilomita zetu zikapungua. Mimi siwaungi mkono kwa Dora Maira, ila hoja yao haijibiwi kwa kelele, inajibiwa kwa vipimo.

Kwa hiyo wale mtakaoajiriwa migodini, ambako kila sampuli hukimbizwa kwenye kinu ikasagwe itafutwe dhahabu, nina ombi moja. Mkikuta ganeti yenye ukingo wa rangi nyingine, kateni kipande kimoja kabla ya kusaga, mkiandikie mahali kilipotoka, mkitume hapa chuoni. Nauli tutalipa sisi.