Kasuku Mkorofi Nyumbani

Leo tunaye kasuku wa kijivu, yule mwenye mkia mwekundu, anayeitikia hodi kabla ya mwenye nyumba kisha anakuuma ukimpelekea chakula.

Tuanze na kelele. Anapiga mayowe, nawe unatoka jikoni mbio kumfokea, "Nyamaza!" Kwake hiyo ni zawadi: ameita, umekuja. Porini kasuku huishi kwa makundi na huitana asubuhi na jioni, kwa hiyo ukimya kamili usahau. Subiri atulie, hata kidogo tu, ndipo umwendee na punje ya karanga. Na nyumba nzima ifuate utaratibu huo. Bibi akimhurumia katikati ya mayowe, mmerudi mlikoanzia.

Kuuma nako kuna dalili. Mboni za macho hupanuka na kusinyaa harakaharaka, manyoya ya shingoni husimama. Hapo rudisha mkono. Akiwa mtulivu, mwekee kidole chini ya kifua, juu kidogo ya miguu, sema "panda", na akipanda mpe karanga papo hapo. Dakika chache kwa siku zinatosha.

Akianza kujinyonyoa manyoya, daktari wa mifugo kwanza: huenda anaumwa, huenda ni upweke. Parachichi ni sumu kwake, usimpe hata kipande.

Na sheria je? Tangu 2017 mkataba wa CITES umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliokamatwa porini. Kwa wasikilizaji wetu wa Kenya, kibali cha kumfuga hutolewa na shirika la wanyamapori, KWS.