MFUNGWA NA UAMUZI WAKE
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka kwa niaba ya wanachama wanaozuru magereza



Twashukuru kwa kupewa nafasi ya kusema juu ya kazi ambayo wachache kati yetu huifanya kila juma katika magereza ya Meru na Embu. Katika taarifa ya mwaka kazi hii huandikwa kwa mstari mmoja tu, "kuwazuru wafungwa", na msomaji hudhani kwamba ni kupeleka sabuni, sukari na maneno ya faraja. Sabuni ni njema, na faraja ni njema pia. Lakini leo twapenda kueleza jambo jingine, nalo ni masomo ambayo wafungwa hufundishana wao kwa wao, sisi tukiwa wasaidizi tu, ili wajue kupima shauri kabla ya kutenda.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa nje halioni kwa urahisi. Gerezani mtu haamui neno. Huamshwa kwa saa iliyowekwa, huhesabiwa, hupewa chakula alichopimiwa, huongozwa kazini, na jioni hufungiwa mlango. Mambo hayo hayana budi kuwapo mahali penye watu wengi, wala hatuwalaumu askari wa magereza, ambao wengi wao wametusaidia sana. Lakini tazameni matokeo yake. Mtu aliyefungwa kwa sababu ya uamuzi mbaya wa dakika moja hukaa miaka mitatu, au kumi, pasipo kuamua lolote. Kisha asubuhi moja hufunguliwa lango, na kabla jua halijatua hutakiwa kuamua mambo mengi kwa pamoja: alale wapi, amwendee nani, alipe deni lipi kwanza, na rafiki zake wa zamani awaendee au awaepuke. Mkono usiotumiwa hulegea, na akili ya kuamua ni vivyo hivyo.

Wala tusidhani kwamba masomo ya namna hii ni mambo mageni katika nchi yetu. Wazee walio mbele yetu wayajua kuliko sisi. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na hasa baada ya msako mkubwa wa Nairobi wa tarehe 24 Aprili 1954, maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walitiwa kizuizini, wakahamishwa kambi hata kambi. Wengi, kabla ya kurudishwa kwao, walipitishwa katika kambi za nyanda za Mwea, ambazo siku zile zilikuwa katika Wilaya ya Embu, na sehemu kubwa yake leo imo katika Kaunti ya Kirinyaga. Huko walichimba mifereji ya mashamba ya mpunga, na wengi walipigwa na kuteswa. Hata hivyo, katika kambi nyingi watu walifundishana. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Bwana J. M. Kariuki, katika kitabu chake cha mwaka 1963, ameeleza jinsi watu wa kizuizini walivyojiwekea kamati, kanuni na masomo yao wenyewe. Naye Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, ameandika katika kitabu chake cha mwaka 1967 kwamba huko Lokitaung alifundishwa Kiingereza na mfungwa mwenziwe, Mzee Jomo Kenyatta. Baada ya uhuru Bwana Itote akawa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa.

Hatusemi kwamba mtu aliyeiba ng'ombe ni sawa na mtu aliyewekwa kizuizini kwa ajili ya uhuru wa nchi. Hapana. Twasema jambo moja tu: kwamba serikali yaweza kuushika mwili wa mtu, lakini kazi ya kuifunza akili yake hubaki mikononi mwake mwenyewe na mwa wenzake. Ndivyo ilivyokuwa hata ng'ambo. Mwaka 1975, katika gereza la Green Haven, jimbo la New York, wafungwa wenyewe waliwaomba watu wa dhehebu la Marafiki wawasaidie kuwafundisha vijana njia za kumaliza ugomvi pasipo kupigana. Mafunzo yaliyozaliwa hapo yakaenea nchi nyingi, na Kenya ni mojawapo. Jambo la kuangaliwa ni kwamba ombi lilitoka ndani ya gereza. Watu wa nje waliitwa, nao wakaitika.

Basi sisi twafanyaje? Hatuingii kama mahakimu wa pili, wala hatumwulizi mtu kosa lake. Twaketi pamoja nao, na katika kila kundi wako wafungwa wawili watatu waliotangulia kujifunza, nao ndio waongozaji. Huletwa shauri moja, la namna inayotukia katika vijiji vyetu, na kundi zima hulipima kwa maswali manne. La kwanza: jambo lenyewe ni nini, ukiondoa hasira? La pili: njia ziko ngapi, nazo zisipungue tatu? La tatu: kila njia, ni nani atakayelipa gharama yake? La nne: ni nani mwenye ujuzi niwezaye kumwuliza kabla sijachagua?

Tutoe mfano. Mtu wa Igembe afunguliwa, arudi kwao, akute ndugu yake amesogeza mpaka wa shamba na kuchuma miti ya miraa ambayo yeye aliipanda kwa mikono yake. Afanyeje? Jibu la kwanza huja upesi, tena huja kwa kicheko: panga. Hatulikatai wala hatulikemei. Huandikwa ubaoni, kwa kuwa ni njia mojawapo. Kisha hutafutwa nyingine. Mmoja asema, aende kwa wazee wa ukoo. Mwingine asema, kwa chifu. Mwingine asema, kwa wazee wa Njuri Ncheke, kwa maana Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 159, yazitambua njia za jadi za kusuluhisha, mradi zisivunje haki za mtu. Mwingine ataja mahakama ya ardhi. Na wa mwisho, mara nyingi mtu mzima asemaye kidogo, asema kwamba aweza pia kuacha mpaka ulivyo kwa msimu mmoja, atafute kibarua kwanza, ndipo adai haki yake akiwa ameshiba.

Hapo ndipo huulizwa swali la tatu, na kicheko hukoma. Panga italipiwa na nani? Huanza kutajwa mmoja mmoja: mama mzee atakayewazika au kuwazuru wanawe wote wawili, mke atakayeuza mbuzi ili kumlipa wakili, mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na mwisho mwenyewe, atakayerudi katika chumba kile kile alichotoka. Wahenga walisema, hasira hasara. Kila mtu aijua methali hiyo, lakini kuijua si sawa na kuihesabu hasara hiyo kwa majina ya watu wako, ubaoni, mbele ya wenzako.

Wako waulizao kama elimu hiyo haitamfanya mwizi kuwa mwizi mjanja zaidi. Swali hilo ni la haki. Kusoma na kuandika peke yake hakumgeuzi mtu moyo. Ndiyo sababu hatufundishi maarifa matupu, bali desturi ya kusimama kidogo na kuuliza nani atalipa. Mwizi mjanja huhesabu faida yake tu. Aliyezoea swali la tatu hulazimika kuwahesabu na wengine, hata kama hataki. Tena desturi haipatikani kwa kuhubiriwa mara moja kwa mwaka wakati wa Krismasi. Hupatikana kwa kurudiwa, juma kwa juma, kama vile mkulima ajuavyo kupogoa mkahawa kwa sababu amepogoa miaka mingi.

Wala serikali na mataifa hayamwoni tena mfungwa kuwa mtu asiyeaminika kwa uamuzi wowote. Kanuni za Nelson Mandela, zilizokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zaagiza katika kanuni ya 104 kwamba wafungwa waendelezwe kwa elimu, na kwamba wasiojua kusoma pamoja na vijana wapewe elimu kwa lazima. Katika nchi yetu, wafungwa walipiga kura ya maoni juu ya Katiba tarehe 4 Agosti 2010, na mwaka 2017 wakapiga kura ya kumchagua Rais. Ikiwa taifa limemwamini mtu huyo kuchagua Katiba na Rais, je, sisi jirani zake twashindwaje kumsaidia achague vema rafiki, kazi na maneno ya kumwambia ndugu yake?

Bwana Mwenyekiti, twaleta maombi matatu. La kwanza, kila tawi litoe watu wawili, wanaume au wanawake, walio tayari kuketi na wafungwa kila juma kwa mwaka mzima. Hatuhitaji wasomi wakubwa. Twahitaji watu wasiochoka kusikiliza. La pili, tuletewe vitabu vya Kiswahili na vya Kimeru na Kiembu, madaftari na kalamu, kwa kuwa mara nyingi kitabu kimoja husomwa na watu wengi mpaka jalada hung'oka. La tatu, nalo ndilo zito, tawi lijitayarishe kumpokea mtu wake kabla hajafunguliwa. Wazee wazungumze na jamaa zake mapema juu ya mpaka, deni au damu iliyoko kati yao. Na wanachama wenye maduka, mashamba na magari wafikiri ni kazi gani wawezayo kumpa mtu ambaye cheti chake cha tabia njema kina doa.

Maana hapo ndipo yote yanaposimama au kuanguka. Twaweza kumfundisha mtu kuuliza njia ziko ngapi. Lakini akitoka na kukuta kila mlango umefungwa, atakuwa amejifunza kuhesabu, na hesabu itampa njia moja tu. Tukifanya hivyo, uamuzi mbaya hautakuwa wake peke yake. Na sisi tutakuwa tumeuandika pamoja naye. Kuteleza si kuanguka, lakini aliyeteleza huhitaji mahali pa kushika.

Twawaomba mtujibu kwa majina ya watu wawili kutoka kila tawi.